Barua ya Wazi kwa Wanaowatuma Walimu wa TP katika Vitengo Maalum

Kisumu

Kwa:
Wakuu wa vyuo vya ualimu na vitivo vya elimu vinavyotuma wanafunzi wao Nyanza na Magharibi;
Wakurugenzi wa elimu wa kaunti;
Walimu wakuu wa shule za msingi zenye vitengo maalum.

Waheshimiwa,

KUH: WALIMU WA MAZOEZI KATIKA MADARASA YA WATOTO WENYE CHANGAMOTO ZA KITABIA

Tunawaandikia kwa heshima, na tunawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya faragha imefika mwisho. Barua zilipelekwa, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, zikakaa. Mkutano ulipoombwa tuliambiwa tusubiri muhula uishe. Muhula uliisha, likaja kundi jingine la walimu wa TP, yaani wanafunzi wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha, nao wakaingia katika madarasa yale yale mikono mitupu. Hatutaji shule wala chuo hapa, maana akitajwa mmoja, wengine wote watapumua na kusema yao ni mazuri.

Shida tunayoileta ni moja, ingawa ina matawi. Darasa gumu kuliko yote shuleni hupewa mtu mchanga kuliko wote kazini, kisha mtu huyo hupimwa kwa ukimya wa darasa lake. Kipimo hicho ndicho kinachozaa fimbo, leso ya kumfunga mtoto kitini, na simu ya jioni ya kumwambia mzazi kesho asimlete mtoto.

1. Anaingia bila kujua ni nani walio mbele yake

Mtoto wa kitengo anatakiwa awe amepitia kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, ile EARC ambayo huduma zake zilianza nchini mwaka 1984. Kituo humpima mtoto, huandika ripoti na kupendekeza mahali pa kusomea. Ripoti ikifika shuleni huingia kwenye faili, faili likaingia kabatini, na ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja. Mwalimu wa TP hupewa orodha ya majina, azimio la kazi la mwaka uliopita na chaki. Haambiwi nani ana kifafa, nani hula udongo, nani hukimbia mlango ukiachwa wazi, nani akiguswa begani kwa nyuma hugeuka na ngumi.

Ukurasa mmoja kwa kila mtoto unatosha. Uandikwe lugha ya nyumbani, njia anayotumia kuomba kitu, mambo yanayomvuruga, mambo yanayomtuliza, dawa anazomeza na saa zake, na nambari ya simu ya mlezi. Mwalimu mwenyeji aliyekaa na darasa hilo mwaka mzima anaweza kuujaza kwa dakika 15.

Kipengele cha lugha tunakikazia. Mtoto wa Kisumu aliyelelewa kwa Dholuo akiambiwa "bed piny" ataketi. Akiambiwa "keti chini" atakutazama tu, na mwalimu aliyetoka Makueni au Kilifi ataandika kwenye daftari kwamba mtoto ni mkaidi. Kule Vihiga na Kakamega ni hivyo hivyo, na lugha hubadilika ukivuka vilima viwili. Mwalimu asianze kazi kabla hajajua maneno kumi ya nyumbani kwa mtoto: njoo, keti, ngoja, imekwisha, kula, maji, choo, inauma, hapana, vizuri.

2. Anaachwa peke yake

Siku TP anapofika, mwalimu mwenyeji hupelekwa kuziba pengo katika darasa jingine. Tunajua upungufu wa walimu ulivyo. Hata hivyo, kitengo chenye watoto wanaokimbia na wengine wanaohitaji kubadilishwa nguo hakiwezi kuendeshwa na mtu mzima mmoja, na hesabu yake ni rahisi. Kumpeleka mtoto mmoja chooni, kumsafisha na kumrudisha huchukua dakika kumi. Kwa dakika hizo, nani yuko na waliobaki? Shule nyingi za ukanda huu zimepakana na barabara kubwa, ya Busia au ya Kakamega, ambako matrela hayapunguzi mwendo. Geti lisilo na bawabu na mtoto asiyejua hatari ya gari ni mambo mawili yasiyofaa kukutana.

Msaidizi wa darasa, pale alipo, mara nyingi hulipwa kwa michango ya wazazi. Michango ikikwama, haonekani. Mwalimu wa TP huligundua hilo asubuhi, watoto wakiwa tayari wameshafika.

3. Fomu ya ukaguzi inatuza ukimya

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yetu.

Mkaguzi kutoka chuoni huja kutazama somo moja la dakika 30 au 35. Fomu aliyoishika imetengenezwa kwa darasa la kawaida: utangulizi, ufafanuzi, vifaa, maswali, udhibiti wa darasa, kufikiwa kwa matokeo yaliyotarajiwa. Mtoto akilala chini ya meza, alama zinakatwa. Akipiga yowe, alama zinakatwa. Akitoka kwenda kukaa pembeni kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kufanya anapozidiwa, fomu haina mahali pa kuliandika hilo kama ushindi, nalo ni ushindi mkubwa.

Kila aliye shuleni anakijua kipimo hicho, na kila mmoja hujipanga kukipita. Jioni ya kuamkia ukaguzi mzazi hupigiwa simu: kesho kuna wageni, abaki nyumbani. Mtoto mwingine hukabidhiwa mpishi. Mwingine hukalishwa chini ya mwembe na mwanafunzi wa Gredi ya Sita amlinde, na mwanafunzi huyo naye anapoteza masomo yake. Wapo wanaofungwa kwa leso kwenye kiti. Wapo wanaochapwa siku moja kabla, ili wakimwona mwalimu wanyamaze. Siku ya ukaguzi darasa linakuwa na watoto sita watulivu, mkaguzi anasifu, alama zinapanda. Wale ambao kitengo kilifunguliwa kwa ajili yao hawamo.

Tuyataje mambo hayo kwa majina yake ya kisheria. Fimbo iliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inamkinga kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu zisizo za kiutu, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kijana wa miaka 22 anafundishwa, kabla hajapata hata nambari ya TSC, ile tume inayosajili na kuajiri walimu, kwamba njia ya kufaulu ni kuvunja sheria hizo kwa siku moja. Akishazoea siku moja hawezi kushindwa na muhula.

Kuna jambo jingine la kitaalamu ambalo fomu hiyo hailijui. Tabia iliyokuwa ikimpatia mtoto anachotaka, ukiacha kuilipa, huzidi kwanza ndipo ipungue. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele dakika tano akapewa simu ya mwalimu achezee, siku ya kwanza ya kunyimwa atapiga kelele dakika 15, ya pili labda 20. Mwalimu akishikilia, na hapo hapo akimfundisha njia nyingine ya kuomba, kelele zitashuka katika siku zinazofuata. Akishindwa na kumpa simu dakika ya 18, atakuwa amemfundisha kwamba sasa bei ni dakika 18. Mkaguzi akifika siku ya pili ya mpango huu ataona darasa baya kuliko la wiki iliyopita, ilhali anachokitazama ni kazi inayofanyika sawasawa. Atalijua hilo tu akiomba daftari la kumbukumbu. Fomu haimwambii aliombe.

Kipimo kinachofaa kingeuliza mambo haya. Je, watoto wote walioandikishwa wapo leo, na asiyekuwapo yuko wapi? Je, kuna rekodi ya tabia ya angalau siku tano? Maagizo ya mwalimu ni mafupi, maneno matatu hadi matano, na je, anasubiri sekunde kumi kabla ya kurudia, au anarudia mara nne kwa pumzi moja? Ghasia ikitokea, je, wenzake walilindwa? Ilichukua dakika ngapi ikilinganishwa na wiki iliyopita? Mtoto alirudi kazini, hata kwa kazi ndogo? Mkaguzi akae saa mbili, uji au mapumziko yakiwa katikati, kwa kuwa ghasia nyingi huzuka watoto wanapotoka jambo moja kwenda jingine. Akae mahali pamoja nyuma ya darasa. Asiwasimamishe watoto kumsalimu. Na awe ni mtu wa elimu maalum. Mhadhiri wa fizikia, hata awe bora namna gani, hatajua anachokiona.

4. Hakuna anayemfundisha kusoma tabia

Chuoni amesoma majina: usonji (autism), ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo. Ameyafanyia mtihani. Kile ambacho hajafanyishwa kwa mikono ni kukaa na kalamu na kuuliza tabia hii inamfanyia mtoto kazi gani.

Tabia karibu zote humfanyia mtoto moja ya kazi nne: kupata kitu, kukwepa kitu, kuvuta macho ya watu, au kuupa mwili hisia unayoitaka. Kitendo kimoja kinaweza kubeba kazi tofauti kwa watoto tofauti, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto anayegonga meza kila akipewa daftari, akatolewa nje, amepata alichotaka: daftari limeondoka. Kesho atagonga mapema zaidi. Kumtoa nje, ambako mwalimu anakuita adhabu, kwake ni malipo. Mwenzake anayegonga meza ile ile ili mwalimu amtazame, akitolewa nje atapungukiwa kweli. Dawa moja haiwezi kuwaponya wote wawili.

Kuijua kazi ya tabia kunahitaji rekodi. Piga mistari kwenye daftari, safu sita: saa, kazi iliyokuwa ikiendelea, kilichotangulia mara tu kabla, alichofanya, kilichofuata mara tu baada, na muda uliochukua. Andika kinachoonekana. "Alikasirika" haifai, "alirusha kikombe, akapiga yowe, akalala chini" inafaa. Usimfundishe wala kumwadhibu kwa muda huo zaidi ya kulinda usalama, andika tu. Baada ya mara kumi hadi 15 sura hujitokeza: ni kabla ya uji, ni kila Jumatatu, ni kila mvua inaponyesha.

La mvua tunalitaja kwa sababu Kisumu mvua kubwa hupenda kuja alasiri, na madarasa yetu ni ya mabati yasiyo na dari. Kelele yake humfanya hata mtu mzima apaze sauti. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye masikio yake hayachuji sauti, ni kama kupigwa. Atajigonga kichwa, atakimbia, atamuuma aliye karibu. Ukimchapa wakati huo umeongeza maumivu juu ya maumivu. Panga kazi ngumu asubuhi. Wingu likikusanyika juu ya ziwa, wahamishe watoto hao mapema kwenye chumba chenye dari kama kipo, au uwavalishe vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi, vinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Wazoeshe kuvivaa siku ya jua, dakika mbili mbili, kwani mtoto hawezi kujifunza kitu kigeni katikati ya dhoruba.

Kabla ya yote hayo, mwili. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa meno na makucha. Tabia ikibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, mpango wa tabia uwekwe kando kwanza. Tazama joto la mwili. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na kipimo ndicho cha kwanza. Tazama sikio, jino, kidonda, choo kigumu, hedhi kwa wasichana wakubwa. Uliza kama dawa ya kifafa imekatika, maana ikikatizwa ghafla degedege hurudi na mara nyingine hurudi kali. Uliza kama alikunywa chai. Watoto kadhaa waliokwisha kuitwa wakorofi walikuwa na njaa tu, wamepanda boda saa kumi na moja na nusu alfajiri bila kitu tumboni, na uji wa shule ni saa nne.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Ratiba ya picha: kamba moja ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto, vibanio vya nguo, na kadi nane hadi kumi zilizokatwa kwenye makatoni, kila moja na mchoro wa shughuli. Shughuli ikiisha mtoto mwenyewe anaing'oa kadi na kuitia kwenye kopo. Kosa la kawaida ni mwalimu kuing'oa kwa niaba yake, au kuitundika ratiba juu karibu na dari ipendeze wageni. Kadi ya "Kwanza–Halafu": picha mbili tu, kazi halafu kitu anachokipenda, na hicho cha pili lazima kitolewe papo hapo. Ukimwahidi mara moja ukakosa, kadi imekufa. Vifuniko vitano vya soda kwenye ubao mdogo: kila akifanya hatua moja anapata kimoja, vikitimia vitano anabadilisha na dakika tatu za mpira. Anza na kimoja, usianze na vitano. Kifuniko alichokipata kisinyang'anywe kwa kosa la baadaye. Mwalimu akikichukua, mtoto ataona hana sababu ya kukitafuta tena. Kwa kitengo kizima, shilingi 500 zinatosha kununua manila, kamba, vibanio, kalamu za wino mzito na gundi ya karatasi.

Andalio la somo nalo ligawanywe. Dakika 30 za kukaa ni nyingi. Weka vipande vitatu vya dakika nane hadi kumi, na kati yake kazi ya mwili: kubeba ndoo ya maji, kufuta ubao, kusukuma meza.

5. Usalama wa mwili, wa mtoto na wa mwalimu

Kuumwa kwa meno, kuvutwa nywele na kupigwa kichwa ni mambo ya kawaida katika madarasa haya, na mwalimu wa TP hayasikii hadi yampate. Ujuzi wa kujinasua hupatikana kwa kufanya mazoezi na mwenzako kwa saa moja. Ukiumwa mkono, usiuvute, maana nyama itachanika. Usukume kidogo kuelekea mdomoni na taya litalegea. Ukishikwa nywele, bana mkono wake juu ya kichwa chako kwanza, kisha fungua vidole. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito, vua hereni na mkufu, kitambulisho kisining'inie shingoni.

Ghasia ikianza, ondoa wenzake. Kumwondoa mmoja anayepigana ni kazi ngumu kuliko kuwatoa wanane wanaotii. Simama ubavu, mbali kwa urefu wa mikono miwili, viganja vionekane. Nyamaza. Maswali ya "kwa nini unafanya hivi?" huongeza moto. Baada ya kilele, mwili huhitaji nusu saa au zaidi kutulia, na kosa la wengi ni kumrudishia mtoto kazi ile ile nzima dakika ya tano. Kazi irudi, lakini kipande kidogo.

Kamwe asilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni. Mtoto hukosa pumzi akiwa hivyo, na anaweza kufa. Asifungwe kitini. Asifungiwe chumbani. Kona ya utulivu ina mkeka na pazia, na haina komeo.

Jeraha la meno lililochana ngozi lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Daktari ataamua kuhusu homa ya ini aina B na dawa za kinga, na zile za VVU zikihitajika huanzwa ndani ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu kwa miezi sita, kwa hiyo anayetumwa Mei ilibidi aanze mwaka uliotangulia. Hilo ni jukumu la chuo. Degedege likitokea: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa, usitie kitu mdomoni, si kijiko wala kitambaa. Likizidi dakika tano, gari liitwe.

6. Anaondoka ghafla kama alivyokuja

Mtoto aliyechukua wiki sita kumzoea mtu humkosa Jumatatu moja, bila neno. TP anayefuata huja na kanuni zake, na yote huanza upya. Tunaomba kurasa mbili za makabidhiano kwa kila mtoto mwenye mpango, na picha ya mwalimu anayekuja iwekwe kwenye ratiba wiki moja kabla.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Tumeonyesha hapo juu vitu vya shilingi 500. Kuandika fomu upya kunahitaji karatasi na alasiri moja. Kumwacha mwalimu mwenyeji darasani kuna gharama, tunakubali, na ndiyo tunayoomba mbebe.

Mtasema wanafunzi wenu wamesoma somo la elimu maalum. Wanaotumwa katika vitengo wengine ni wa somo moja la utangulizi, muhula mmoja, ukumbini. Hata waliosomea elimu maalum kwa miaka minne, wengi hufika bila kuwahi kujaza rekodi moja ya tabia kwa mtoto halisi.

Mtasema kazi hii ni ya wito, asiye na moyo aiache. Moyo upo. Vijana hawa hununua sabuni na nguo za kubadilisha watoto kwa pesa zao za kula. Moyo hauwezi kushika mlango na kumsafisha mtoto kwa wakati mmoja.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba watoto hawa hawaelewi lugha nyingine ila kiboko. Wataleta na methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Tunawajibu kwa kazi tunayoijua. Fimbo hunyamazisha kwa dakika chache, ndiyo maana mwalimu huiamini. Haimwambii mtoto afanye nini badala yake. Mtoto ambaye hawezi kuunganisha maumivu ya sasa na kitendo cha dakika tatu zilizopita hujifunza kitu kimoja tu, kwamba mtu huyu huumiza, naye huanza kushambulia kabla hajaguswa. Anayejipiga mwenyewe huona wakubwa nao wanapiga. Mwaka unaofuata ana nguvu zaidi, na mwalimu ni mwingine.

Tunachoomba

Kabla ya kundi lijalo la TP kutumwa:

a) Vyuo vitoe fomu ya ukaguzi iliyo mahsusi kwa vitengo maalum, yenye kipengele cha mahudhurio ya watoto wote walioandikishwa, na mkaguzi ahakiki rejista na kuhesabu vichwa kwa macho yake.

b) Wiki ya kwanza iwe ya kutazama na kuandika tu, bila kufundisha wala kukaguliwa.

c) Mafunzo ya siku mbili kabla ya kutumwa, ya vitendo: rekodi ya tabia, ratiba ya picha, kujinasua bila kumuumiza mtoto, huduma ya kwanza ya degedege.

d) Agizo la maandishi kutoka kwa wakurugenzi wa elimu kwamba mwalimu wa TP hataachwa peke yake katika kitengo, hata kwa kipindi kimoja.

e) Ukurasa mmoja wa kila mtoto ukabidhiwe siku ya kwanza, habari za siri za kiafya zikilindwa.

f) Nambari moja ya simu chuoni ambayo mwanafunzi anaweza kuripoti kupigwa au kufungwa kwa mtoto bila alama zake kuguswa. Leo akiripoti anaripoti kwa yule yule atakayemwandikia barua ya tabia njema.

Rasimu ya fomu tumeiandaa, pamoja na ukurasa wa mtoto na karatasi ya rekodi yenye safu sita. Tutazitoa bure kwa chuo chochote, na tuko tayari kufundisha Jumamosi bila malipo, Kisumu, Kakamega au Nakuru, mradi chuo kitoe ukumbi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lisipopatikana, tutapeleka nakala ya barua hii kwa makamishna wa TSC na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, pamoja na maelezo ya maandishi ya walio tayari kutia saini majina yao.

Wenu waaminifu,

Walimu wa elimu maalum na walimu waliomaliza mazoezi katika vitengo vya Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega